Ngoma Mbili na Taa za Indiketa

Vijana wa dukani wameniomba niandike kabla sijakabidhi funguo. Wanasema niandike "uzoefu", neno ambalo mtu wa miaka ishirini na tano akilitamka huwa ana maana ya mambo ya zamani yasiyotumika tena. Haya. Nitaandika, ila anayetafuta humu nilipandishwa cheo lini asijisumbue. Dukani kwa Fundi Akyoo kulikuwa na vyeo viwili tu, fundi na yule mwingine, na mimi nilikuwa yule mwingine kwa miaka minane.

Nilifika Kaloleni mwishoni mwa miaka ya themanini, msichana wa Machame mwenye cheti cha kidato cha nne na viatu vya dada yangu. Vitu vya nje ndiyo kwanza vilikuwa vimeanza kuruhusiwa kuingia. Kabla ya hapo redio moja ilitengenezwa mpaka inakuwa na viungo vya redio sita. Sasa ghafla mjini kukawa na vinanda, ampilifaya na spika ndefu kuliko mimi, na hakuna aliyejua kuzitumia, hata wale waliozileta. Fundi Akyoo, Mmeru aliyekuwa ametoka kwenye kazi ya kupanda nguzo za simu, akakodi chumba kimoja karibu na uwanja na kuandika mlangoni: TUNATENGENEZA NA KUKODISHA SAUTI.

"Shikamoo, fundi. Nimesikia unatafuta mtu."

"Marahaba. Natafuta. Unaogopa umeme?"

"Naogopa."

"Vizuri. Aliyekutangulia alisema haogopi. Yuko nyumbani na bandeji."

Akanifungulia ampilifaya moja, akaiweka mezani, akaniambia niitazame mpaka mchana bila kuigusa, halafu nimweleze nimeona nini. Nilitazama mpaka macho yakauma. Mchana nikamwambia kwamba vumbi limeganda sehemu moja kuliko kwingine kote. Akauliza kwa nini. Nikasema sijui. "Mimi pia sikujua kwa mwaka mzima," alisema, kisha akanionyesha: pale ndipo panapopata moto, na penye moto hewa huzunguka ikileta vumbi. Kesho yake nilipewa bisibisi yangu. Ninayo mpaka leo, ila mpini nimebadilisha mara tatu.

Hiyo bisibisi nawaambieni habari zake kwa sababu nyie mna mashine za kupimia kila kitu. Akyoo aligusisha ncha ya bisibisi ndefu kwenye transfoma na kuuweka mpini sikioni, kama daktari. Alisema kila kifaa kina mngurumo wake, na ukiujua ukiwa mzima utautambua ukiwa mgonjwa. Nilimcheka kimoyomoyo. Baada ya mwezi nikawa nafanya hivyo hivyo, na wateja wakawa wananicheka mimi waziwazi.

Kesi iliyonifundisha adabu ilikuwa harusi ya Olasiti. Spika zilinguruma, zikanyamaza, zikanguruma tena. Nilibadilisha waya zote, nikabadilisha maiki, nikamlaumu mshereheshaji kwamba anaishika vibaya. Akyoo alikuja, akasimama katikati ya ukumbi na mikono mfukoni kwa robo saa nzima, halafu akaenda nyuma ya jukwaa na kung'oa plagi ya friji la soda. Ukawa ukimya mtupu. Kila friji lilipoanza kupoza, spika ziliimba nalo. Tangu siku hiyo nikawa adui wa kitu chochote kinachochomekwa karibu na vyombo vyangu. Kumbukeni hilo, kwa sababu baadaye uadui huu uliniponza.

Sasa niseme habari ya kwaya, ambayo ndiyo mliyotaka tangu mwanzo.

Simu za mkononi zilikuwa zimeshafika Arusha, nzito na zenye antena, pale Ndeskoi alipoingia dukani. Alikuwa anauza vitenge jirani yetu, mwanamke wa maneno machache na sauti kubwa akiimba. Nyumbani kwao ni mlimani, juu ya Kikatiti, penye migomba na kahawa, na kwaya ya kanisa lao nusu yake ilikuwa imeshuka mjini kufuata biashara. Waliobaki walikuwa hasa wanawake wakulima wanaoimba sauti ya pili. Walioshuka ni wanaume na wasichana wa sauti ya kwanza. Na kwaya hiyo ilikuwa na sheria yake: asiyeonekana kwa miezi mitatu anarudisha joho.

"Jumapili ndiyo siku tunapokea mizigo," Ndeskoi alisema. "Hatuwezi kupanda kila wiki. Wazee wametuita. Wamesema tukiweza kuimba nao Jumapili ya mavuno tukiwa huku huku mjini, tutabaki na majoho. Tusipoweza, tuyapeleke."

"Walikuwa wanawatania," nikasema.

"Najua. Lakini wamesema mbele za watu, hawawezi kurudi nyuma." Akashika kitenge begani akakikunja na kukikunjua. "Dada Aika, majoho yote ameshona mama yangu. Yeye ndiye mpiga ngoma kule juu, ndiye aliyenifundisha ngoma. Nikimrudishia langu atalipokea, atalikunja vizuri, ataliweka kabatini, na hatasema neno. Hilo ndilo siliwezi."

Mimi nilikuwa tayari kusema haiwezekani. Akyoo alikuwa ameinamia redio, na niliona bisibisi imesimama hewani. Huyo mzee swali likimwingia halikutoka. "Huyu akiimba mjini," aliuliza polepole, "na yule akamsikia kwa simu akaitikia, na huyu akasikia kuitikiwa. Nani anamsubiri nani?"

Tulipata jibu kwenye zoezi la kwanza. Akyoo alipanda mlimani, mimi nikabaki ukumbini Kaloleni, simu moja huku na moja kule, kila moja imeunganishwa kwenye spika. Wimbo ulianza kwa mwendo wa mtu anayewahi soko, ukafika ubeti wa tatu kwa mwendo wa mazishi. Ukweli ni kwamba simu ya mkononi huichelewesha sauti, kidogo sana, kama muda wa kupepesa jicho mara moja. Wa mjini waliwasikia wa mlimani wamechelewa, wakapunguza mwendo ili wasiwaache. Wa mlimani nao wakasikia hivyo hivyo, wakapunguza. Heshima ikawa inauua wimbo. Mwalimu wa kwaya alikuwa anapunga mikono kama anayefukuza kuku, hakuna aliyemwangalia.

Akyoo alirudi amefurahi kuliko nilivyowahi kumwona. Kitu kikishindikana kwa namna asiyoielewa, yeye alipata chakula cha wiki. Jumatatu akaniambia, "Wasisikilizane. Waonane."

Kifaa chenyewe mtakicheka. Ndani ya saa ya mezani yenye kengele kuna kisahani cha shaba, chembamba kama ganda la kitunguu, ndicho kinacholia. Ukikipa umeme kinatetemeka. Akyoo alijua kwamba kinafanya na kinyume chake: ukikitetemesha kinatoa umeme kidogo. Tulikibandika kwenye ngozi ya ngoma kwa gundi ya kuzibia pancha. Ngoma ikipigwa, kisahani kinashtuka, saketi yetu inatoa mlio mfupi, na mlio unasafirishwa kwa redio kol, zile redio za upepo za kusemezana, mpaka upande wa pili, unawasha taa ya indiketa ya gari. Redio haicheleweshi. Pigo moja mlimani, mwako mmoja Kaloleni, na kinyume chake. Redio kol nne tuliazima kwa mtu wa magari ya watalii: mbili za kupeleka, mbili za kupokea, na kitufe cha kusemea tulikifunga kwa mpira wa baiskeli kisiachie. Taa tuliiweka ndani ya kopo la maziwa ya unga, tukalipaka masizi ndani ili mwanga uonekane hata mchana.

Mniulize kwa nini hatukupitisha na kuimba kwenye redio kol. Tulijaribu. Kwaya nzima ilisikika kama mtu anayekaanga dagaa.

Udhaifu wa taa yetu Akyoo aliusema mwenyewe. "Haijui nguvu. Gusa ngoma kwa kidole au ipige kwa rungu, itawaka vile vile." Ilikuwa na kuwaka na kuzima, basi. Nilitaka tuiboreshe, akasema kwanza tuone watu watafanya nini nayo.

Walifanya maajabu. Ndeskoi alipiga ngoma huku akitazama kopo, mama yake akapiga kule akitazama lake, na kwaya zote mbili zikafuata ngoma ya mbele yao, si sauti ya kwenye spika. Sauti ya simu ikabaki ya kuwapa moyo tu. Mwendo haukushuka hata kidogo. Wanawake wa mlimani waliposikika ukumbini, wakijaza pale katikati ya wimbo palipokuwa patupu, nilisimama nimeshika waya na nikasahau nilikuwa napeleka wapi.

Jumapili ya mavuno ilifika. Chaja ya simu ya kule mlimani ilikuwa inaleta mngurumo kwenye spika, na mimi na friji la Olasiti tunajuana. Nikampigia Akyoo, aliyekuwa huko juu: ing'olewe. Akasema betri imejaa, itatosha wimbo mara kumi. Ingetosha kweli. Wote wawili tulipiga hesabu ya wimbo. Hakuna aliyepiga hesabu ya salamu.

Mtu hawezi kuanza kuimba na jamaa zake kabla hajawasalimia. Mzee wa kanisa wa mjini alishika simu, akamwamkia mzee wa mlimani. Wakaulizana mvua, migomba, ndama aliyezaliwa, mguu wa fulani. Kisha ikawa zamu ya mzee wa pili, maana angeonekanaje yeye asiposalimia? Halafu mama mmoja aliyekuwa na dada yake kule, na bibi mmoja aliyetaka tu kusikia kama kweli ni kule. "Shikamoo." "Marahaba, hamjambo huko?" Watu ukumbini walikuwa wanafurahi, wanacheka, na mimi nilikuwa nacheka nao, mjinga mimi, nikifurahia jinsi sauti ilivyo safi bila mngurumo. Nusu saa ilipita, na zaidi.

Wimbo ulikuwa na beti tano. Mwisho wa ubeti wa kwanza spika ilitoa mlio mmoja mfupi na ikawa kimya. Betri ya mlimani ilikuwa imekufa.

Shimo lilisikika papo hapo, pale sauti ya pili ilipokuwa. Waimbaji waligeuza shingo kutazama spika. Mzee aliyeongoza ibada aliniinamia. "Si una kaseti ya mazoezi, yenye sauti za kule? Iweke. Watu hawatajua."

Nilikuwa nayo, imo kwenye mashine, na kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Nawaambieni ukweli, nilitaka kubonyeza. Nilimwona Ndeskoi uso umemkauka, mikono inaendelea na ngoma kwa mazoea tu. Kisha nikaliona kopo. Taa ilikuwa inawaka. Inawaka, inazima, inawaka, katikati ya mwendo kabisa, kama vile hakuna kilichotokea.

"Hapana, mzee," nikasema. "Bado wapo." Nikamnyooshea Ndeskoi kidole kwenye kopo. Akalitazama, akavuta pumzi, akapiga. Ubeti wa tatu aliukimbiza kidogo kwa hofu, kisha akatulia. Waliimba mpaka mwisho na shimo lile lile katikati, wakiitazama taa ya gari ndani ya kopo la maziwa, na baadhi yao walikuwa wanalia.

Akyoo alirudi jioni. Alikuwa ametumia muda wote wa wimbo nje ya kanisa, akihangaika kuazima betri kwenye simu za wageni, kila moja ya aina tofauti. "Wazee wamesema majoho yabaki," aliniambia. "Na redio zimepata moto kama pasi." Hakusema zaidi, na mimi sikuuliza. Kwangu maelezo yalikuwa wazi: kwaya mbili zimeimba pamoja bila kusikiana, kwa sababu ya kifaa chetu.

Hadithi hiyo nimeisimulia miaka yote. Tulipounganisha majukwaa kwa intaneti iliyokatika kila wingu likipita, niliisimulia. Mlipoajiriwa nyie mkaleta nyaya za mwanga na skrini kubwa kuliko ukuta, niliwasimulia hata mkaweza kuimalizia wenyewe. Akyoo alishatangulia mbele za haki, akaniachia duka na masanduku yasiyofunguliwa. Mwezi uliopita nilikuwa nayasafisha ili nikabidhi, nikaona kaseti yenye mwandiko wake: MLIMANI, MAVUNO. Mimi nilirekodi ukumbini siku ile, lakini sikujua kwamba naye aliacha redio kaseti dirishani kanisani ikirekodi. Sidhani kama aliwahi kuisikiliza. Alikuwa mtu wa kutaka kujua kila kitu isipokuwa kile alichodhani tayari anakijua, na hilo alinirithisha pamoja na duka.

Niliketi hapo hapo juu ya sanduku nikaisikiliza. Ubeti wa kwanza upo, wote wanaimba. Halafu mlio wa simu kufa. Halafu sauti ya mwalimu msaidizi: "Imekatika. Kaeni." Mabenchi yakalia, watu wakaketi. Ngoma haikukoma.

"Mama Ndeskoi, kaa. Simu imekatika."

"Taa inawaka," sauti ya mwanamke ikajibu, bila haraka. "Watoto wanaimba."

Na akaanza kuimba. Peke yake. Sauti ya pili peke yake, mnaelewa maana yake? Si wimbo wenyewe, ni ile njia ya chini inayopita pembeni ya wimbo, isiyo na kichwa wala mkia ukiisikia bila wenzake. Kanisa zima limekaa kimya, mtoto anakohoa, na yeye anapiga na kuimba nusu ya kitu ambacho hakuna hata mmoja mle ndani aliyekisikia nusu yake ya pili. Ubeti wa pili, wa tatu, wa nne. Kwenye wa tano benchi moja likalia, kisha jingine, na sauti nyingine zikaanza kuingia.

Basi huko ndiko majoho yalikookolewa. Si kwa kifaa changu. Kisahani kiliniambia ngoma inapigwa, nami nikajijazia kwaya nzima. Niliona aibu, halafu aibu ilipopungua nikashikwa na hamu: je, zile nusu mbili zilikutana kweli?

Jumamosi nilimpitia Ndeskoi tukapanda mlimani kwa mama yake, na redio kaseti mbili kwenye kapu. Mama Ndeskoi ni mzee sasa, kiuno kimemkataa, lakini masikio yake ni mazima.

"Shikamoo, mama. Kwa nini hukuniambia kwamba uliimba peke yako?"

"Marahaba, mwanangu. Nilidhani unajua," alisema. "Taa si yako?"

Kumbe na Ndeskoi alijua miaka yote. Alisema kila nilipokuwa nasimulia alidhani nafupisha.

Niliziweka redio mezani, kaseti ya ukumbini kulia, ya mlimani kushoto. Ya kushoto ilikuwa inakwenda haraka kidogo, nikawa naizuia kwa ncha ya kidole kwenye gurudumu lake. Nilikosea mara nne. Mara ya tano ngoma mbili zikaangukia mahali pamoja, zikawa ngoma moja, na ile njia ya chini isiyo na kichwa ikaingia kwenye shimo la ukumbini na kulijaza pote. Mama Ndeskoi alishika ukingo wa meza. Alikuwa hajawahi kuusikia wimbo wa siku ile ukiwa mzima.

Ubeti wa tatu ngoma ziliachana. Ya kulia ilikimbia. Ya kushoto haikuifuata, ilibaki palepale, pigo baada ya pigo, na ilikuwa inapigwa kwa nguvu zaidi, hata spika ile ndogo ikawa inapasuka. Polepole ya kulia ikarudi.

"Hapo ulikimbia," alisema Mama Ndeskoi.

"Niliogopa, mama."

"Nilijua. Ndiyo maana nilipiga kwa nguvu, uone."

"Niliona," alisema Ndeskoi.

Mimi ndiye niliyeitengeneza ile taa. Ilikuwa na kuwaka na kuzima tu. Upige kwa kidole, upige kwa rungu, mwanga ni ule ule. Nilifungua mdomo niwaeleze, nikaufunga, nikarudisha kaseti mwanzo ili waisikilize tena.